Hariri Alipoikanyaga Saksafoni

Wapo watu wanaosema jazz laini ni muziki wa kwenye lifti, muziki wa kungojea daktari wa meno. Waache waseme, midomo ni yao. Sisi wa upande wa magharibi wa Detroit tunaijua. Jumapili, watu wakishatoka kanisani na kuvua viatu, ukipita mtaani ulikuwa unaisikia saksafoni inatoka nyumba hii na kukukabidhi kwa nyumba ya pili, na baina ya kibao na kibao unaisikia sauti ya Thurman Pettway ikikuambia hakuna haraka, kaa, jinyooshe, dunia itakungoja. Hewani alijiita Hariri. Hakuna aliyemwuliza kwa nini, maana ukiisikia sauti yenyewe swali linakwisha.

Nyumbani Hariri hakuwepo. Nyumbani alikuwepo Thurman, mwanamume mwembamba wa miaka sitini na tatu, msema haraka, sauti juu, mtu wa kugombana na marefa kwenye televisheni mpaka majirani wanajua matokeo ya mechi. Mkewe Ardelia alikuwa akisema ameolewa na mmoja na anamsikiliza mwingine, na katika hao wawili hakuna anayejua kufunga mlango wa friji. Ardelia alikuwa amestaafu kazi ya kushona viti vya magari kiwandani. Alikuwa mwanamke imara, hakuna aliyemwonea, ila kwa jambo moja alikuwa mwoga na woga wenyewe hakuuficha.

Jambo lenyewe ni hili: wanaume wa ukoo wa Pettway walikuwa wakipigwa na kiharusi. Baba yake Thurman alianguka kazini, kwenye laini ya kuunganisha magari, hakuamka tena. Kaka yake, Lonzo, alianguka kwenye ngazi za kanisa, akaamka, akaishi miaka miwili bila kutamka neno hata moja. Ardelia ndiye aliyekuwa akimlisha. Lonzo alimtazama machozi yakimtoka, mdomo unahangaika, neno haliji. Tangu hapo Ardelia alimwogopea mumewe kila siku ya Mungu. Thurman akikawia bafuni, anagonga mlango. Akilala kimya sana, anamtikisa. Thurman alilalamika kwamba ameamshwa mara nyingi zaidi kuthibitisha kwamba hajafa kuliko alivyolala, na Ardelia alimjibu kwamba alalamike tu, mradi anaongea.

Sasa kuna kitu lazima ukijue kuhusu kazi ya Hariri. Kibao cha jazz laini huanza na ngoma na gitaa la besi, taratibu, kama wanakusafishia njia, kabla saksafoni haijaingia. Hapo katikati ndipo mtangazaji anapokuambia hiki ni kibao gani na anayekipiga ni nani, kwa sababu kibao hakina maneno, usipoambiwa hutajua. Watangazaji wengi huchelewa, saksafoni ikaingia juu ya maneno yao. Hariri, wapi. Alikuwa anaongea kwa raha zake, unadhani sasa atachelewa, sasa atachelewa, kumbe neno la mwisho linakaa chini na saksafoni ndiyo inasimama. Alikuwa akisema mtu aliyevuta pumzi ili azungumze, ukimkatiza ni kukosa adabu, na saksafoni naye ni mtu. Miaka thelathini Ardelia alimsikiliza akiwa jikoni, na miaka thelathini hakumsikia akiikanyaga saksafoni kwa maneno.

Na kila siku ya mwisho ya mwaka, saa tisa alasiri, Hariri alipiga vibao kumi alivyovipenda kuliko vyote vilivyotoka mwaka huo, kuanzia cha kumi kushuka mpaka cha kwanza. Hilo lilikuwa jambo kubwa mtaani. Watu waliwekeana dau la pai za viazi vitamu, kubahatisha kipi kitakuwa cha kwanza. Kwa miezi mingi Thurman alikuwa akisikiliza vibao vipya ndani ya gari lililozimwa, gerejini, koti mwilini, mpaka Ardelia anakwenda kugonga kioo. Cha kwanza hakumtajia mtu, hata yeye mkewe. Na kipindi hicho alikipiga moja kwa moja, yeye mwenyewe ameketi pale, hakukirekodi kamwe. Vipindi vingine vya sikukuu wenzake hurekodi maneno yao mapema, wakaiachia mashine ya kituo iyapachike baina ya vibao, wakaenda zao nyumbani. Thurman alisema kipindi cha vibao kumi kikirekodiwa ni kiporo, na yeye hawalishi watu kiporo kufunga mwaka.

Ardelia hilo lilimuudhi kidogo. Kila mwaka kibao cha kwanza kikipigwa, nyumba yote inasimama kucheza, kila mtu na wake, na yeye mwenye mume anabaki na ufagio. Alikuwa amemwambia Thurman hivyo kwa utani. Halafu mwaka ule, mwezi wa Novemba, sikukuu ya Shukrani, alimwambia bila utani.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mwaka Thurman aliamka analalamika kichwa kinamuuma. Akameza vidonge, akavaa koti. Ardelia alimwambia abaki, apumzike, kipindi si mpaka saa tisa. Thurman akasema kwa ile sauti yake ya haraka kwamba anachokosa ni kahawa tu, na kwamba ana mambo ya kupanga kituoni, akambusu sikioni, akatoka. Kumbe alikuwa na lake moyoni.

Ardelia akashika kazi zake. Nguo zote lazima zifuliwe kabla mwaka haujageuka, usije ukafua siku ya kwanza ya mwaka na kumfua mtu wa nyumbani mwako pamoja na nguo, akafa. Kunde zilikuwa zimelowekwa kwa ajili ya kesho. Mboga za majani zilikuwa jikoni zinachemka na mkia wa bata mzinga. Mchana akaingia wifi yake Earlene, dadake Thurman, na mumewe Shemasi Cleophus nyuma amebeba pai. Earlene alikuwa ametoka saluni moja kwa moja, mfuko wa plastiki kichwani, analaani, kwa sababu theluji ilikuwa imeanza wakati uleule alipofungua mlango wa saluni, utadhani ilikuwa inamvizia. Shemasi akatolewa nje kusafisha ngazi kwa koleo. Mpaka saa tisa theluji ilikuwa imeshakoma na jua limetoka, lile jua la Desemba lisilo na joto.

Redio ikawashwa. Hariri akaingia, na jikoni pakatulia.

Cha kumi kilikuwa cha mpiga filimbi mmoja, Corliss Amaker, na Hariri alisema alikisikia mara ya kwanza mwezi wa Machi akashindwa kutoka garini, mkewe ni shahidi. Ardelia akacheka. Cha tisa ndicho kilichowatoa watu vitini. Earlene na Shemasi wakajipanga sebuleni, wakacheza kwa mstari, hatua kulia, geuka, mfuko wa plastiki bado kichwani. Cha nane hakikumpendeza mtu, ila Hariri alikitetea vizuri. Cha saba, cha sita, gitaa, kinanda, na kila mara maneno yanakaa chini, chombo kinasimama, Ardelia anaendelea kukata vitunguu roho nyeupe.

Kabla ya cha tano Hariri alisema, "Hapa dirishani kwangu theluji ndiyo kwanza inaanza, unga wa kwanza kabisa wa siku, na ninacho kibao kinachofanana nao." Akamtaja mpigaji, akanyamaza, saksafoni ikaingia. Safi kabisa.

Ardelia akatazama nje. Ngazi zilikuwa zimekauka. Akasema theluji gani tena anayoisema huyu. Earlene akamwambia huo ni ushairi wa redioni, au alitaka kakake awaambie watu kwamba kuna matope. Ardelia akaliacha, lakini halikumtoka.

Kikaja cha nne. Kilipigwa na Ambrose Tillery wa Philadelphia na kiliitwa Baada ya Ibada. Hariri akaanza kukieleza, na sauti ilikuwa nzito kuliko kawaida, inajiburuta, kila neno linaegemea lililo mbele yake. Ngoma zikapita. Besi ikapita. Saksafoni ikaingia, na Hariri bado anaongea. Akaendelea kuongea juu yake, neno, neno jingine, kisha akaacha katikati.

Kisu kilimponyoka Ardelia kikaanguka kwenye sinki.

Earlene hakusikia kosa lolote. Alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, macho amefumba, anatikisa kichwa. "Leo kaka kaamka na sauti yake," akasema. "Wanawake wa mji huu watakoma."

"Ameikanyaga saksafoni," Ardelia akasema.

"Wifi, nawe. Kanogewa tu."

Simu ikalia. Alikuwa Bibi Odom wa nyumba ya mbele, mjane, anataka tu kusema kwamba Hariri leo amemyeyusha, hajawahi kumsikia taratibu hivi. Ardelia akamshukuru, akakata simu. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mtangazaji wa habari akiburuta maneno, nchi nzima inapiga simu hospitali. Mtangazaji wa jazz laini akiburuta maneno, watu wanazima taa na kusogeleana.

Kabla ya cha tatu alisema sentensi moja tu. Alisema, "Msikilizeni anavyopuliza kijiko chake." Basi. Jina la kibao hakusema.

Shemasi Cleophus akaangua kicheko huko sebuleni. Akainua mkono mdomoni kama mtu anayegida, akasema leo ni sikukuu, mtu ana haki ya kuonja. Ardelia akamwambia Thurman hanywi akiwa kazini, hajawahi, na Shemasi anajua. Shemasi akasema kwani ni dhambi. Earlene akamwambia wifi yake aache kujitia kiwewe, kila siku anamzika mtu aliye hai, ipo siku atamletea mkosi kwelikweli. Maneno hayo yalimchoma Ardelia, kwa sababu hata yeye alikuwa akiyawaza. Alipiga simu ya Thurman. Ikaita mpaka ikakata. Simu hiyo huwa anaiacha kwenye koti, na koti analitundika nje ya studio ili isije ikalia kazini. Akapiga ya kituo. Ikaita kwenye jengo tupu. Akajiambia ni sikukuu, hakuna mtu wa mapokezi, tulia Ardelia, tulia.

Cha tatu kikaisha. Cha pili kikaanza chenyewe. Ngoma, besi, nafasi yote ile ya kuongea imeachwa wazi kama mlango, na hakuna aliyeongea.

Ardelia alisimama katikati ya jikoni akitazama redio. Akatazama dirisha. Ngazi kavu, jua. Ndipo theluji ikamwingia akilini.

"Si moja kwa moja," akasema. "Amerekodi."

Earlene akauliza amerekodi nini.

"Maneno. Aliyarekodi mchana, theluji ilipokuwa inaanza. Haya tunayoyasikia sasa yalimpata mchana, Earlene, saa ile wewe unaingia hapa na pai. Yuko huko peke yake tangu mchana."

Hakuna aliyecheka tena. Shemasi alikuwa ameshachukua funguo za gari.

Ardelia alitoka na kandambili za ndani na aproni. Alichochukua ni funguo za kituo, zile za akiba anazomtunzia Thurman kwa sababu Thurman hupoteza funguo. Ndani ya gari redio ilikuwa imewashwa, na hakuna aliyethubutu kuizima. Cha pili kikaisha. Kikaanza kibao kingine ambacho bila shaka ndicho cha kwanza, kinanda kinapanda polepole, kizuri mno, na Ardelia akakichukia kwa moyo wake wote. Alikuwa akiomba. Alikuwa akisema, Bwana, si kama Lonzo, si kama Lonzo, na kisha akaogopa kwamba anachagua, kwamba Mungu atadhani anaomba afe kabisa, akasema hapana, hata kama Lonzo, nitamlisha, nipe tu nimlishe. Earlene, kiti cha nyuma, alikuwa analia bila sauti.

Kituo chenyewe kilikuwa kwenye shule ya zamani iliyofungwa, studio ghorofa ya chini. Ufunguo ulimkataa Ardelia mara mbili, Shemasi akaupokea akafungua yeye. Kibao kilekile kilikuwa kinapigwa kwenye vipaza sauti vya ukutani, ukumbi mzima mtupu. Koti la Thurman lilikuwa limetundikwa. Mlango wa studio ulikuwa na taa nyekundu juu yake inayosema usiingie, mtu anarekodi. Ardelia alikuwa mke wa mtangazaji miaka yote hiyo, hajawahi kufungua mlango ule taa ikiwa inawaka. Alisimama. Alijua akiufungua atajua, na kwa pumzi moja hakutaka kujua. Kisha akausukuma.

Thurman alikuwa ameketi kitini, vipokea sauti masikioni, ameinamia maiki. Macho yalikuwa wazi. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshuka, mate yametiririka kwenye shati, na mkono wa kushoto ulikuwa bado umekaa kwenye kitufe cha kurekodi. Alikuwa anajaribu kukitaja kibao cha pili. Midomo inakwenda, sauti inatoka, neno hakuna. Alikuwa amejaribu hivyo mchana kutwa.

Akamwona mkewe. Ardelia alikuwa amemwona Thurman akiwa na hasira, akiwa na furaha, akiwa na homa. Hakuwahi kumwona akiogopa. Siku ile alimwona, na woga wake mwenyewe akaumeza, kwa sababu chumba kile kisingeutosha woga wa wote wawili.

"Nimekuja," akamwambia. "Usiseme kitu. Nimekuja."

Hospitali walipokelewa na daktari mwanamke, kijana bado, wa mji jirani wa Dearborn, Dk. Beydoun. Hakupoteza muda. Alimpeleka Thurman kupiga picha ya kichwa, akarudi kwa haraka, akawasimamisha wote watatu ukutani. Akasema damu imeganda kwenye mshipa wa ubongo. Iko dawa ya kuiyeyusha. Dawa hiyo ni ya saa nne na nusu za mwanzo tu tangu mtu apigwe. Ukichelewa nayo inaweza kumfanya avuje damu kichwani, na hapo inaua. Kwa hiyo anataka kujua jambo moja: ni lini mara ya mwisho mtu amemwona akiwa mzima.

"Asubuhi," Ardelia akasema. "Alipotoka."

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. Asubuhi ilikuwa mbali mno.

"Lakini nimemsikia akiwa mzima," Ardelia akasema. "Redioni."

Akaeleza. Hata yeye aliyasikia maneno yake jinsi yalivyokuwa ya ajabu: kwamba kwenye kibao cha tano aliacha kuongea kabla saksafoni haijaingia, na cha nne akaikanyaga. Kwamba mumewe hajawahi kuikanyaga. Kwamba baina ya hivyo viwili ndipo alipopigwa. Dk. Beydoun alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza je, hiyo sauti nzito si ndiyo sauti yake ya kazi, maana mama yake daktari mwenyewe humsikiliza Hariri, na Hariri siku zote huongea kama mtu aliyetoka usingizini.

"Huyo ni Hariri," Ardelia akasema. "Mimi namzungumzia mume wangu aliye ndani yake."

Daktari akauliza hicho cha tano kilirekodiwa saa ngapi. Ardelia akasema theluji ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Ilianza saa ngapi? Hapo Ardelia alikwama. Alikuwa na nguo kwenye mashine, alikuwa na mboga jikoni, hakutazama saa.

"Saa sita na nusu," Earlene akasema. Mfuko wa plastiki ulikuwa bado kichwani mwake, umeteleza upande. "Nililipa saluni saa sita na nusu, saa ya ukutani iko mbele ya macho yangu, nikafungua mlango theluji ikaniangukia. Hizi nywele nilizikalia tangu asubuhi, Daktari. Siwezi kuisahau saa hiyo mpaka nakufa."

Dk. Beydoun akatazama saa yake. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Akasema bado zimebaki dakika, si nyingi. Akamgeukia Ardelia akamwambia waziwazi kwamba anaamua kwa kutegemea masikio yake yeye Ardelia, na kama masikio hayo yamekosea, dawa itamdhuru. Anataka asikie kutoka kwake: ndiyo au hapana.

Sikiliza, kuna watu hupenda kusema walikuwa na imani. Ardelia hakuwa na imani yoyote wakati ule. Aliogopa. Aliyakumbuka maneno ya Earlene, kwamba kila siku anamzika mtu aliye hai. Kama amekosea, kama Thurman kwenye cha tano alikuwa ameshaanza kupotea na yeye hakusikia, basi atakuwa amemuua kwa mdomo wake, mbele ya dadake. Akakirudia cha tano kichwani. Unga wa kwanza kabisa wa siku. Jina la mpigaji. Kimya. Saksafoni.

"Ndiyo," akasema. "Mpe."

Wakampa. Wakakaa kwenye viti vya plastiki. Kanisani watu walikuwa wanakusanyika kwa ibada ya mkesha, na Shemasi aliyetakiwa kuwa mlangoni kule alikuwa hapa, ameshika kofia. Ardelia hakuomba tena. Alikaa akiwa ameshikilia aproni yake, akiuangalia mlango, na kila muuguzi aliyetoka alimfanya asimame.

Siku ya pili ya mwaka Thurman alisema neno. Neno lilikuwa "cheza." Walidhani amechanganyikiwa. Iliwachukua siku kadhaa, neno kwa neno, kulijua shauri lake. Alikuwa amekirekodi kusudi kipindi kile, amekubali kuwalisha watu kiporo mara moja tu katika maisha yake, ili awahi kurudi nyumbani akiwa bado anasikika redioni, aingie jikoni, amnyang'anye mkewe ufagio, wacheze kibao cha kwanza. Ardelia aliposikia hilo alitoka chumbani akaenda kulia korido, na alilia kwa hasira pia. Alitaka kumpiga.

Maneno yalirudi, si yote, si kwa mpigo. Mguu wa kulia ukabaki mzito. Mpaka siku ya Pasaka alikuwa anaweza kugombana na marefa kwa sentensi fupi. Nyumba ilijaa siku hiyo, ndugu wote, na Thurman alikuwa amechangamka. Wakamwomba awafanyie Hariri kidogo, wana hamu naye. Akafumba macho, akashusha sauti, akaanza kuwaomba wampitishie mkate wa mahindi, taratibu, kila neno linaegemea lililo mbele yake, sauti ileile ya zamani. Meza nzima ikapiga makofi.

Ardelia hakupiga makofi. Bakuli lilikuwa limemponyoka. Alikuwa amesimama, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu.

"Usinifanyie hivyo," akasema. "Thurman, siwezi kukusikia ukiwa hivyo. Siwezi kujua."

Thurman alifumbua macho akamtazama. Hakutoa mzaha, na hakuomba mkate tena.

Alirudi hewani Jumapili moja ya mwezi wa tano. Redio ziliwashwa mtaa mzima. Na sauti iliyotoka haikuwa ya Hariri. Ilikuwa nyembamba, ya haraka kadiri ulimi wake ulivyoweza, sauti ya mtu anayetafuta kopo la rangi gerejini. Bibi Odom alidhani amekosea kituo. Alitaja vibao, alitaja wapigaji, akawaambia na kile cha kwanza cha mwaka uliopita ambacho walikisikia bila jina, kwamba kinaitwa Ufagio Pembeni na amekipiga Rosetta Vann kwa kinanda. Wengi hawakumwelewa vizuri, walikuwa bado wanashangaa.

Malalamiko yakaja. Watu waliitaka hariri yao. Mkuu wa kituo akampigia simu nyumbani Jumatatu, kwa upole, akamwuliza kama ni ugonjwa, kama ile sauti imekwisha. Thurman akasema haijakwisha, anaweza kuifanya hata sasa.

"Basi ifanye, kaka. Watu wanaipenda."

"Mke wangu ananisikiliza akiwa jikoni," Thurman akasema. "Anasikiliza kama niko mzima. Nikiburuta maneno, hatajua."

Mkuu wa kituo akauliza, kama ni hivyo, kwenye matangazo wamwandike nani sasa.

"Thurman," akasema. "Andika Thurman Pettway."